ASKARI WA MBANDE: KESHO YAKE LINDO LILISHIKWA NA NANI?

Leo naomba tuongelee askari.

Najua, najua... ukitaja askari kijiweni kila mtu ana stori yake, na nyingi si nzuri. Kibao cha usoni, hela ya soda, bodaboda iliyolala kituoni wiki nzima bila kosa la maana. Stori hizo zipo na tutazifikia humu humu, hatuzikimbii. Ila kwanza tuanze na wale waliokufa wakiwa kazini, kwenye mitaa yetu hii hii ya Temeke na Kinondoni, na jinsi tunavyowakumbuka. Au niseme ukweli, jinsi tunavyowasahau.

Jumanne, Agosti 23, 2016, jioni. Mbande, kule ndani ukishapita Mbagala, upande wa Chamazi. Kuna tawi la benki ya CRDB pale. Ilikuwa saa ya kubadilisha lindo: waliokesha kutwa wanatoka, wa usiku wanaingia. Hapo hapo risasi zikaanza kulia. Askari wanne wakauawa. Waliofanya unyama ule wakaondoka na bunduki. Hela za benki hawakuzigusa.

Hebu rudia hiyo sentensi ya mwisho taratibu. Hawakugusa hela. Jambazi wa hela angevunja mlango akaingia ndani. Hawa walifuata silaha, na silaha ilikuwa begani kwa askari. Yaani sisi wote tulidhani yule askari amesimama pale kulinda mali, kumbe siku ile mali iliyokuwa inawindwa ilikuwa imening'inia mwilini mwake.

Siku tatu hazijaisha, usiku wa kuamkia Agosti 26, polisi wakaenda Vikindu, wilaya ya Mkuranga, kuwasaka wahusika. Kukawa na majibizano ya risasi. Mrakibu Msaidizi wa Polisi Thomas Njuki, afisa wa kikosi cha kupambana na ujambazi, akauawa huko. Alikwenda kuwatafuta waliowaua wenzake, na yeye akarudi ndani ya jeneza. Watano ndani ya wiki moja.

Sasa swali la leo ni jepesi kuliuliza na gumu kulijibu: baada ya turubai kukunjwa na magari ya viongozi kuondoka, nini kilibaki cha kuwakumbuka hawa watu?

BARABARA MOJA, MISIBA MINGI

Mbande haikuwa ya kwanza. Tukitaka kuielewa inabidi tuipange kwenye mstari na zilizotangulia.

Septemba 2014, mbali kabisa na Dar, kituo cha polisi cha Bukombe mkoani Geita kilivamiwa usiku. Askari wawili wakafa, bunduki zikachukuliwa. Januari 2015 ikaja zamu ya Ikwiriri, wilayani Rufiji. Askari wawili tena, bunduki tena. Julai 12, 2015, usiku, kikavamiwa kituo cha Stakishari pale Ukonga, manispaa ya Ilala, si mbali na uwanja wa ndege. Hapo walikufa watu saba: askari wanne na raia watatu. Bunduki zikabebwa. Halafu ndiyo ikaja Mbande, Agosti 2016.

Halafu Kibiti. Alhamisi, Aprili 13, 2017, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Askari walikuwa kwenye gari, wanarudi kutoka kubadilisha lindo. Wakaviziwa njiani. Nane wakauawa, silaha zikachukuliwa.

Umeona hapo? Mbande walipigwa wakati wa kubadilisha lindo. Kibiti walipigwa wakitoka kubadilisha lindo. Kati ya matukio hayo mawili miezi haijatimia hata minane.

Mimi si mtaalamu wa vita na sijifanyi. Lakini hata kibaka wa Tandika anajua duka linafungwa saa ngapi na mwenye duka anapita kichochoro gani. Kitu kinachofanyika kila siku, saa ile ile, njia ile ile, ni kama ratiba imebandikwa ukutani. Askari wanaotoka wamechoka, mawazo yako kwenye daladala la kurudi nyumbani. Wanaoingia hawajakaa sawa. Wote wamekusanyika sehemu moja na bunduki zote ziko hapo. Kama kuna dakika kumi mbaya katika kutwa nzima ya askari wa lindo, ndiyo hizo.

Ukisimama Mbagala Rangi Tatu ukaiangalia barabara ya Kilwa, unaiona ramani yote. Kulia na kushoto ni daladala na wauza matunda. Ukiifuata kwenda nje ya mji unapita Vikindu, unapita Mkuranga, unafika Kibiti, unaendelea hadi Ikwiriri. Ukiifuata kurudi mjini unafika kwenye viwanja vya polisi vya Barabara ya Kilwa, vile ambavyo miili ya wale nane wa Kibiti iliagwa mbele ya viongozi. Yaani barabara ile ile iliyowapeleka kazini ndiyo iliyowarudisha kuagwa.

Na kuna mtu mwingine wa barabara hiyo tusiyepaswa kumruka. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, alikuwa anaandika habari za mauaji ya Kibiti na Rufiji, ya askari na ya viongozi wa vijiji ambao nao waliuawa mmoja mmoja. Novemba 21, 2017 alitoweka. Julai 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory amefariki, halafu baadaye akasema kauli yake ilieleweka vibaya. Familia ikaachwa hapo hapo, katikati. Namtaja hapa kwa sababu moja: huwezi kusema unawaenzi askari waliouawa Kibiti huku yule aliyekuwa anaziandika habari za vifo vyao amepotea na hakuna aliyetoa maelezo.

MWENZAKE ANAMKUMBUKAJE?

Viongozi huwa wanakumbuka kwa hotuba. "Damu yao haitapotea bure." Tumeisikia hiyo mara ngapi?

Askari mwenzake anakumbuka kwa namna nyingine. Fikiria maisha yenyewe. Vijana wanakutana Moshi, kwenye shule ya polisi, wakiwa makruta. Wanakimbizwa alfajiri pamoja, wanaadhibiwa pamoja, wanakula maharage ya sufuria moja. Mtu akikuambia "huyu ni depo yangu" anamaanisha kitu kizito kuliko urafiki wa kawaida. Anamaanisha huyu amenijua nikiwa si kitu. Wakimaliza wanatawanywa: mmoja Mbagala, mmoja Oysterbay, mmoja Kigoma. Lakini depo inabaki. Simu zinapigwa, michango inapitishwa, harusi zinahudhuriwa.

Halafu jioni moja simu inakuja. Na kabla hata hajamaliza kulia anaitwa kazini, kwa sababu benki haihami na lindo haliachwi wazi. Jina moja linafutwa kwenye orodha ya zamu, jingine linaandikwa. Ndiyo maana nimeuliza kwenye kichwa cha habari: kesho yake lindo lilishikwa na nani? Kwa sababu kuna mtu ilibidi avae viatu, achukue bunduki ya aina ile ile iliyomponza mwenzake, akasimame kwenye lango la benki kama lile, jioni kama ile. Huyo ndiye anayemkumbuka marehemu. Anamkumbuka kwa mgongo wake, kila pikipiki inapopunguza mwendo mbele yake.

Sisi wengine tulimsoma gazetini. Na gazetini askari wa chini anatajwa kwa herufi na namba: F nukta ngapi, G nukta ngapi, ndipo linakuja jina, ndipo kinakuja cheo, Koplo au Konstebo. Kazini namba hiyo ina maana yake. Lakini kwa msomaji wa kawaida ile namba inamgeuza mtu kuwa faili. Wiki ikipita yanabaki maneno mawili: "askari wanne". Mwaka ukipita hata wanne hatuna uhakika, tunasema "wale askari wa Mbande".

Na mwenzake huyo aliyebaki hana pa kusemea. Hili watu wengi mtaani hawalijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile inayompa mfanyakazi haki ya kuwa na chama na kujadiliana na mwajiri, haimgusi askari polisi. Imewaacha nje polisi, JWTZ, Magereza na JKT. Mwalimu akiona darasa lina nyufa ana chama cha kumsemea. Askari akiona lindo limekaa vibaya, gari halina mafuta, fulana ya kuzuia risasi hakuna, anamwambia mkubwa wake, na mkubwa wake akinyamaza hadithi imeishia hapo. Kuna sababu za kufanya hivyo, jeshi bila amri si jeshi, sawa. Lakini maana yake ni kwamba wale wanaojua zaidi kwa nini mwenzao alikufa ndio wasioruhusiwa kusema hadharani.

Kwa hiyo nani aseme? Ndiyo hapo raia tunapoingia, tupende tusipende.

"NA MLINZI MMOJA"

Tuvuke sasa twende Kinondoni. Jumatano, Agosti 25, 2021, mchana kweupe. Maeneo ya Salenda, karibu na ubalozi wa Ufaransa. Mtu mmoja aliyetajwa kwa jina la Hamza Mohamed aliwapiga risasi askari, akachukua silaha zao, akaendelea kufyatua barabarani hadi naye alipouawa kwenye lango la ubalozi. Watu walirekodi kwa simu na kabla ya saa ya chakula nchi nzima ilikuwa imeona. Waliouawa walikuwa wanne. Taarifa zikasema: askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi ya ulinzi.

Na mlinzi mmoja.

Wadau, hayo maneno matatu yanasema mengi kuhusu Dar yetu. Tembea Mikocheni, Masaki, Mbezi Beach, Sinza: kila geti lina mlinzi. Maduka ya Kariakoo, shule, hospitali, minara ya simu, yadi za magari Temeke, kote mlinzi. Wengi wanaishi Mbagala, Gongo la Mboto, Manzese, Kigogo, wanapanda daladala mbili jioni wakati wewe unatoka kazini, na wanarudi asubuhi wakati wewe unaingia. Wengine silaha yao ni rungu, filimbi na tochi. Mshahara wake unaujua, kama huujui muulize kesho asubuhi ukimkuta anaosha uso kwenye bomba.

Huyu hana depo ya Moshi. Hana bendi ya kumpigia. Hana herufi na namba. Akifa kwenye tukio kubwa anaingia mwisho wa sentensi baada ya "na". Akifa kwenye tukio dogo, amekatwa panga usiku kwenye duka la jumla, haingii hata kwenye sentensi. Lakini wanaomlilia ni watu wale wale: mlinzi mwenzake wa geti la jirani waliyekuwa wanagawana kahawa ya saa tisa usiku, mama ntilie aliyekuwa anamkopesha chapati, mke anayesubiri mlango ugongwe asubuhi na haugongwi.

Kama tunazungumzia kumkumbuka mwenzetu aliyekufa akilinda, basi tumhesabu na huyu. Risasi ya Salenda haikumuuliza mtu kama ameajiriwa na serikali au na kampuni.

KWA NINI WENGINE HAWAKULIA

Sasa tuje kwenye lile zito nililosema tutalifikia.

Baada ya Salenda, mitandaoni kulikuwa na watu waliomsifia Hamza. Walimwita shujaa kabla hata maiti hazijafika mochwari. Baadaye polisi walisema uchunguzi wao umeonyesha alikuwa gaidi, lakini hilo halikubadilisha vichwa vya waliokwisha kuamua. Wengi wetu tulishtuka. Inakuwaje kijana wa Kitanzania ashangilie askari kuuawa?

Jibu la haraka ni kusema hawana adabu. Jibu la kweli linahitaji kumbukumbu.

Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi waliuawa hapa Dar. Polisi walisema ni majambazi waliouawa katika mapambano. Tume ya Jaji Mussa Kipenka ikaundwa, ikaonekana hakukuwa na ujambazi wala mapambano. Askari kadhaa walishtakiwa, kesi tukaizoea kwa jina la kesi ya Zombe. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani afisa mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa, huku wengine akiwamo Zombe mwenyewe wakibaki huru. Angalia tarehe: hukumu hiyo ilitoka Septemba 2016, wiki chache tu baada ya mazishi ya askari wa Mbande. Ndani ya wiki hizo chache mtaa uliombwa umlilie askari na ukasikia askari amehukumiwa kwa kuua raia.

Februari 16, 2018, Kinondoni, eneo la Mkwajuni. Polisi walikuwa wanawatawanya wafuasi wa Chadema. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alikuwa amekaa zake ndani ya daladala. Risasi ikampata, akafa.

Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, hakuna anayehitaji kusimuliwa. Maandamano, risasi, intaneti kuzimwa, amri ya kutotembea usiku hapa Dar. Watu waliuawa. Novemba mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman kuchunguza yaliyotokea. Zipo familia ambazo ukizitajia neno "askari" leo, picha inayowajia si ya yule aliyekufa Mbande akilinda benki. Ni picha nyingine kabisa, na hatuna haki ya kuwaambia waisahau.

Kwa hiyo huwezi kumlazimisha mtu alie. Lakini naomba niseme hivi, na anayepinga apinge: misiba haifutani. Askari wa Mbande hakumuua Akwilina. Akwilina hakuwaua askari wa Mbande. Yule Konstebo aliyekuwa anapanga chumba kimoja mtaani kama wewe, anadaiwa na mwenye nyumba kama wewe, mtoto wake anasoma shule ya msingi ile ile na wako, kumshangilia akifa hakumrudishi hata mmoja wa waliouawa. Na kinyume chake ni kweli vile vile: kusimama na wimbo wa taifa mbele ya majeneza ya askari hakufuti damu ya raia.

Tena nitakwenda mbele kidogo. Askari mwema ndiye anayeumizwa zaidi na askari mbaya. Jeshi likimficha muuaji mmoja ndani yake, linamnyang'anya kila askari mwadilifu machozi ya raia siku yake ikifika. Uwajibikaji si uadui na polisi. Ni sehemu ya kuwaenzi wale waliofanya kazi yao kwa heshima. Raia watatu walikufa Stakishari usiku mmoja na askari wanne, ndani ya tukio moja. Hiyo ndiyo hali halisi: raia na askari wa mitaa yetu wanakufa pamoja, tunaowatenganisha ni sisi.

UKUTA WA MAJINA UNATOSHA?

Wenzetu wamefanyaje? Marekani wana ukuta mjini Washington, ulizinduliwa 1991, umechongwa majina zaidi ya elfu ishirini ya askari waliokufa kazini, na kila mwezi wa tano wanaongeza mapya. Uingereza nao wana mnara wa askari pale London tangu 2005. Mjane akifika anaweka kidole juu ya jina la mumewe. Jina, si "askari wanne".

Sisi tuna Siku ya Mashujaa, Julai 25, na mashujaa wake wakubwa ni wale wa vitani. Ni haki yao. Lakini Koplo aliyekufa mbele ya benki Mbande hakufa vitani. Alikufa Jumanne jioni, kwenye kazi ambayo sisi tuliamka tukaikuta inafanyika na tukaona ni ya kawaida.

Kwa hiyo ndiyo, majina yaandikwe mahali raia anaweza kuyasoma. Pale Moshi kila kruta ayapite asubuhi akikimbia. Kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa kila anayepita na daladala la Mbagala ayaone. Si jambo la gharama kubwa.

Lakini ukuta peke yake hautoshi, na ushahidi ni huko huko Marekani. Wana ukuta mzuri kuliko wote, na bado mwaka 2020 dunia nzima iliona askari wa Minneapolis akimkandamiza George Floyd shingoni hadi akafa. Jiwe linakumbuka jina. Halibadilishi kazi.

Kinachomuenzi marehemu ni kitu ambacho mwenzake wa lindo angekihisi jioni ya kesho yake. Saa za kubadilisha zamu zisiwe zile zile kila siku. Wanaotoka na wanaoingia wasirundikane sehemu moja kama wako kituo cha daladala. Gari lisipite njia moja mwezi mzima. Askari wa lindo awe na kitu cha kumkinga kifua, si bunduki peke yake ambayo ndiyo inayomwitia wauaji. Na kila tukio likiisha, Jeshi litoe maelezo kwa umma: nini kilikwenda vibaya, nini kimebadilika. Si siri za operesheni, hapana. Tunataka kujua tu kama kuna aliyejifunza kitu. Kama Mbande ingechambuliwa hadharani, labda kuna OCD mahali fulani barabara ya Kilwa angeamka siku moja akasema "jamani, leo tubadilishe saa". Labda. Hakuna anayeweza kusema kwa uhakika wale nane wangepona. Lakini kusahau hakujawahi kumponya mtu.

Halafu kuna nyumbani. Siku ya kuaga, mjane anakaa mbele, anashikwa mkono na waziri. Siku ya arobaini yuko Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, anatafuta usimamizi wa mirathi. Cheti cha kifo RITA. Barua ya mwajiri. Picha ndogo. "Njoo Jumatatu." Wakati huo kodi ya chumba imeisha. Nani anamsindikiza? Mara nyingi ni yule yule mtu wa depo, anaomba ruhusa ya nusu siku, anampeleka shemeji yake ofisi moja hadi nyingine, halafu jioni anarudi lindoni. Kingetengwa kitengo kimoja tu chenye kazi ya kuhakikisha mafao ya aliyekufa kazini yanafuatwa na ofisi, si na mjane, hiyo ingekuwa hotuba nzuri kuliko zote zilizowahi kusomwa pale Barabara ya Kilwa. Na kwa mlinzi wa kampuni hivyo hivyo: kabla kampuni haijapewa zabuni ya kulinda ofisi ya umma, iulizwe mlinzi wake wa mwisho kuumia alilipwa nini.

TUANZIE HAPA

Najua kuna atakayesema, "mwandishi umetumwa na polisi". Mwingine atasema, "mwandishi unawachukia polisi". Poa, gaweni wenyewe.

Ninachosema ni kimoja. Jeshi linawakumbuka wafu wake kwa sherehe, raia tunawakumbuka kwa wiki moja ya picha za mishumaa, na anayewakumbuka kweli kweli ni mwenzao aliyebaki, ambaye sheria imemfunga mdomo na zamu imemrudisha palepale. Tukitaka kumsaidia huyo, tumuulizie yale asiyoweza kuyauliza. Mbunge wako akija kuomba kura au kukata utepe, muulize: tangu Mbande, tangu Kibiti, tangu Salenda, lindo limebadilika nini? Na muulize hapo hapo: waliopiga risasi raia wamefanywa nini? Ulizeni yote mawili kwa pumzi moja, maana anayeuliza moja tu hajali watu, anajali upande wake.

Na ewe unayesoma hapa kwenye kafe ya Rangi Tatu, Tandika au Mwenge, ukitoka hapo nje utamkuta mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mpe salamu. Muulize jina lake. Siku ikitokea, Mungu apishe mbali, angalau awepo mtu mmoja mtaani asiyemwita "na mlinzi mmoja".

Mliokuwa Mbande jioni ile, mliopoteza ndugu au mwenza kwenye lindo lolote, uwanja ni wenu. Lugha ya heshima tafadhali, kuna watoto wa marehemu wanaosoma.

Nawasilisha.